Kukodi gari kwa mkataba Marekani: Namba tatu zinazoamua bei

Nchini Marekani, mtu anayetaka gari jipya ana njia tatu: kulilipia taslimu, kulichukua kwa mkopo, au kulikodi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu kisha kulirudisha. Njia ya tatu ni tofauti na kukodi gari kwa siku mbili tatu pale uwanja wa ndege. Ni tofauti pia na mkataba wa bajaji au bodaboda unaojulikana Dar es Salaam, ambao dereva hupeleka fedha kwa mwenye chombo mpaka siku chombo kinapokuwa chake. Mkodi wa Marekani hulipa kila mwezi, hulikatia gari bima na kulitunza, na mkataba ukiisha hulirudisha, isipokuwa akiamua kulinunua. Anacholipia ni ile sehemu ya thamani inayopotea gari likiwa mikononi mwake, pamoja na gharama ya fedha ambazo kampuni imezifungia ndani ya gari hilo.

Kabla ya janga la korona, takriban magari 3 kati ya kila 10 mapya yaliyochukuliwa na wananchi wa kawaida yalitoka madukani kwa njia hii. Hata hivyo, wengi wanaotia saini huangalia namba moja tu, malipo ya mwezi, nayo ndiyo namba ambayo muuzaji anaweza kuipindisha kwa urahisi kuliko zote. Mkataba wa bei nzuri hutafutwa kwa kuzitazama namba nyingine tatu zilizo nyuma yake.

Malipo ya mwezi yanavyojengwa

Namba ya kwanza ni bei ya gari iliyokubaliwa. Tangu sheria ya mwaka 1958, kila gari jipya nchini humo hubandikwa dirishani karatasi yenye bei inayopendekezwa na mtengenezaji. Bei hiyo ya kibandiko ni mahali pa kuanzia mazungumzo, na mkodi ana haki ya kuipunguza sawasawa na mnunuzi.

Namba ya pili ni thamani baki, yaani thamani ambayo gari linakadiriwa kuwa nayo mkataba utakapokwisha. Huandikwa kama asilimia ya bei ya kibandiko, na huwekwa na kampuni ya fedha inayomiliki gari. Mara nyingi kampuni hiyo ni tawi la mtengenezaji mwenyewe, kama Toyota Financial Services au Ford Credit.

Namba ya tatu ni kizidishio cha riba. Ni desimali ndogo, kwa mfano 0.00200, na udogo wake humfanya mteja aone kama si kitu. Ukiizidisha kwa 2,400 unapata riba ya mwaka kwa asilimia: 0.00200 ni sawa na asilimia 4.8. Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwanzoni kampuni inadai bei nzima ya gari, mwishoni inabakiwa na thamani baki, kwa hiyo wastani wa deni ni jumla ya namba hizo mbili ikigawanywa kwa 2. Kugawanya huko kwa 2, kugawanya mwaka kwa miezi 12, na kugeuza asilimia kwa 100 ndiko kunakozaa 2,400.

Kutokana na namba hizo tatu, malipo ya mwezi huwa na mafungu mawili. La kwanza ni uchakavu: bei iliyokubaliwa ikitolewa thamani baki, kisha kugawanywa kwa idadi ya miezi. La pili ni riba: bei iliyokubaliwa ikijumlishwa na thamani baki, kisha kuzidishwa kwa kizidishio.

Mfano utasaidia. Gari lina bei ya kibandiko ya dola 40,000, mkataba ni wa miezi 36, na thamani baki ni asilimia 60, yaani dola 24,000. Ada ya kufungua mkataba ni dola 700 nayo inaingizwa kwenye bei. Mteja asiyeuliza lolote anapewa gari kwa bei ya kibandiko na kizidishio cha 0.00240. Uchakavu wake ni dola 464 kwa mwezi na riba ni dola 155. Jumla, kabla ya kodi, ni takriban dola 619. Mteja wa pili amepunguziwa bei hadi 36,500 na amepata kizidishio cha 0.00200. Kwake uchakavu ni dola 367, riba ni dola 122, na jumla ni dola 489. Kwa miezi 36, tofauti kati yao inakaribia dola 4,700 kwa gari lile lile.

Kinachojadiliwa na kisichojadiliwa

Thamani baki haina mjadala. Muuzaji huipokea kutoka kampuni ya fedha kama ilivyo, wala hana uwezo wa kuigusa. Anachoweza mteja ni kuchagua gari ambalo thamani yake haishuki haraka. Chukua gari jingine lenye bei ile ile ya kibandiko, punguzo lile lile na riba ile ile, lakini thamani baki yake ni asilimia 50 badala ya 60: malipo yanapanda kutoka dola 489 hadi 592. Dola 103 za ziada kila mwezi zimetokana na kuchagua gari tu. Ndiyo maana gari lenye bei kubwa ya kibandiko wakati mwingine hukodiwa kwa fedha kidogo kuliko gari la bei ya chini.

Bei ya gari hujadiliwa, na ijadiliwe kwanza, kabla neno la malipo ya mwezi halijatamkwa. Swali ambalo wauzaji wengi hupenda kuanza nalo, kwamba mteja anataka kulipa kiasi gani kwa mwezi, lina mtego ndani yake. Akishataja dola 500, muuzaji anaweza kuifikia namba hiyo kwa kurefusha muda, kupunguza maili zinazoruhusiwa au kuongeza kianzio, yaani fedha zinazolipwa siku ya kusaini, bila kushusha bei hata senti moja.

Kizidishio cha riba kina sura mbili. Kampuni ya fedha humpa muuzaji kiwango cha msingi, na muuzaji kwa kawaida anaruhusiwa kukiongeza kidogo na kubaki na faida. Nyongeza ya 0.00040, kama ile ya mteja wa kwanza, ni karibu asilimia 1 ya riba kwa mwaka. Mteja anayejua kiwango cha msingi anaweza kukidai. Tovuti ya Edmunds, kwa mfano, imekuwa ikiwajibu watu wanaouliza kiwango cha msingi na thamani baki ya mwezi husika kwa gari fulani katika eneo fulani.

Kiwango cha msingi kabisa hupewa wenye alama za juu za mkopo. Katika mfumo wa FICO, alama hizo huanzia 300 hadi 850, na kila kampuni huweka mpaka wake wa daraja la kwanza. Kwa mhamiaji mgeni, wakiwemo Waswahili wengi waliohamia majimbo kama Minnesota, Ohio na Texas, kikwazo cha kwanza huwa hapa: hana historia ya mikopo, hata kama kipato chake ni kizuri. Mwaka mmoja au miwili ya kulipa kadi ya mkopo kwa wakati unaweza kumwokolea fedha nyingi kuliko ufundi wowote wa kupatana bei dukani.

Mkono wa mtengenezaji

Kwa kupatana na muuzaji, malipo ya gari la mfano wetu yameshuka kutoka dola 619 hadi 489. Bei za chini zaidi, zile zinazosimuliwa na watu wakashangaa, huwa na chanzo kingine. Mtengenezaji ambaye magari yake yamejaa yadi hufanya moja kati ya mambo matatu, au yote kwa pamoja: hutoa punguzo la fedha kwa wanaokodi, hushusha kizidishio cha riba chini ya kiwango cha soko, au hupandisha thamani baki juu ya makadirio ya kawaida na kuibeba hasara mwenyewe.

Tuseme mtengenezaji wa gari la mfano ametoa punguzo la dola 2,500 na kushusha kizidishio hadi 0.00080. Bei ya kuanzia mkataba, pamoja na ada, inakuwa dola 34,700. Uchakavu ni dola 297, riba ni dola 47, na jumla ni dola 344. Kipimo cha haraka wanachotumia wazoefu ni kwamba mkataba usio na kianzio ni mzuri ukifikia asilimia 1 ya bei ya kibandiko kwa mwezi. Kwa gari la dola 40,000, kipimo hicho ni dola 400. Mteja wa dola 489 amepatana vizuri na bado hajakifikia. Wa dola 344 amekipita.

Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni ni magari ya umeme. Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei ya Agosti 2022 iliweka nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme, lakini kwa masharti makali, likiwemo la gari kuunganishwa Amerika Kaskazini. Nafuu nyingine, iliyokusudiwa magari ya biashara, haikuwa na sharti hilo, na kuanzia mwaka 2023 ilikubalika itumike kwa magari ya kukodi, kwa kuwa mmiliki wake kisheria ni kampuni ya fedha. Kampuni nyingi, zikiwemo Hyundai na Kia ambazo magari yao mengi ya umeme yalitoka Korea Kusini, zilipitisha nafuu hiyo kwenye mikataba. Jimbo la Colorado liliongeza nafuu yake, na mwaka 2024 baadhi ya wakazi wa huko walikodi Nissan Leaf kwa chini ya dola 30 kwa mwezi. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilizikomesha nafuu za shirikisho kwa magari yaliyochukuliwa baada ya Septemba 30 mwaka huo.

Kwa hiyo anayetafuta bei ya kipekee huanza na bei, gari baadaye. Huorodhesha aina nne au tano zinazotosheleza mahitaji yake, hutazama mwezi huo mtengenezaji yupi anatoa ruzuku kwa lipi, na yuko tayari kubadili chaguo. Aliyekwishapenda gari moja la aina moja hana budi kukubali namba zake.

Wakati na namna ya kuuliza

Ruzuku na viwango vya riba hubadilika kwa kawaida mwanzoni mwa kila mwezi. Wauzaji nao hufuatilia malengo ya mauzo ya mwezi na ya robo mwaka, na duka lililobakiza magari mawili lifikie lengo lake linaweza kuuza hayo mawili kwa hasara ili kupata bonasi ya mtengenezaji. Ndiyo sababu siku za mwisho wa mwezi zina sifa nzuri. Magari ya toleo la mwaka unaokwisha huwa na punguzo kubwa, lakini thamani baki yake huwa imeshushwa pia, na punguzo likiwa dogo kuliko anguko hilo, toleo jipya hukodiwa kwa fedha kidogo zaidi.

Ombi la bei huandikwa kwa barua pepe, kwa maduka kadhaa siku moja, si katika jimbo moja tu bali hata majimbo jirani. Ombi zuri hutaja gari lenyewe na vifaa vyake, muda wa miezi na maili kwa mwaka, kisha huomba vitu vinne: bei kabla ya punguzo la mtengenezaji, punguzo lenyewe, kizidishio cha riba na orodha ya ada zote. Muuzaji anayejibu kwa kumtaka mteja afike kwanza dukani huachwa, na bei nzuri iliyopatikana hupelekwa kwa wengine kuulizwa kama wanaweza kuishinda.

Kuna pia mapunguzo ambayo hayatolewi kwa asiyeyaomba: kwa mteja anayeendelea na kampuni ile ile, kwa anayehama kutoka kampuni shindani, kwa wanajeshi, kwa waliohitimu chuo karibuni, na kwa wafanyakazi wa kampuni zenye makubaliano na mtengenezaji.

Kianzio, amana na ada

Matangazo ya magazetini huvutia kwa malipo madogo na kuficha kianzio katika herufi ndogo. Tangazo la dola 299 kwa mwezi kwa miezi 36, na dola 3,999 siku ya kusaini zikiwemo za mwezi wa kwanza, kwa kweli ni dola 14,464 kwa muda wote. Zikigawanywa kwa miezi 36, ni dola 402 kwa mwezi, kabla ya kodi. Mikataba yote ilinganishwe kwa njia hiyo: jumla ya kila kinachotoka mfukoni, gawanya kwa miezi.

Kianzio kikubwa kina hatari nyingine. Gari likiibwa au likiharibika kabisa katika ajali mwezi wa pili, bima humlipa mwenye gari, yaani kampuni ya fedha, na kianzio cha mkodi hakirudi. Ulinzi wa kufidia pengo kati ya malipo ya bima na deni la mkataba umo ndani ya mikataba mingi, lakini haufidii kianzio. Kwa hiyo inashauriwa kulipa siku ya kwanza malipo ya mwezi wa kwanza, usajili na kodi, na si zaidi.

Amana ni jambo jingine. Baadhi ya kampuni humruhusu mkodi aweke amana kadhaa zinazorudishwa mwishoni, na kila amana hushusha kizidishio cha riba. Mwenye akiba iliyolala huweza kupata hapo faida kubwa kuliko ile ya benki, bila kupoteza mtaji.

Kodi hutofautiana kwa jimbo. Majimbo mengi hutoza kodi juu ya kila malipo ya mwezi. Ohio hutoza kodi ya malipo yote mwanzoni, na Texas hutoza asilimia 6.25 ya bei ya gari zima, jambo linalofanya kukodi kuwa ghali zaidi huko. Ada ya makaratasi nayo ina mipaka tofauti: California haizidi dola 85, ilhali Florida duka laweza kudai karibu dola 1,000. Pale ambapo ada hiyo haipunguzwi, mteja hudai bei ya gari ishuke kwa kiasi hicho hicho.

Maili na muda

Mikataba ya kawaida huruhusu maili 10,000, 12,000 au 15,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada hutozwa kati ya senti 15 na 30. Aliyepita kwa maili 8,000 kwa senti 25 anadaiwa dola 2,000 siku ya kurudisha gari. Maili za ziada huwa nafuu zikinunuliwa mwanzoni. Anayefanya kazi ya kubeba abiria kwa programu za simu asome mkataba kwa makini zaidi, kwa sababu mikataba mingi inakataza matumizi ya biashara, na hata unaoruhusu hautaendana na maili za dereva wa kutwa nzima.

Muda bora kwa magari mengi ni usiozidi dhamana ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni miaka 3 au maili 36,000. Ukiupita, mkodi anagharamia matengenezo ya gari lisilo lake.

Siku ya kusaini

Sheria ya Ukodishaji kwa Walaji ya mwaka 1976, pamoja na kanuni yake iitwayo Regulation M, inamlazimu mkodishaji kuandika bei ya gari, thamani baki, jumla ya riba na ada zote. Haimlazimu kuandika kizidishio cha riba, lakini mteja anaweza kukitafuta mwenyewe: jumla ya riba igawanywe kwa miezi, kisha jibu ligawanywe kwa jumla ya bei ya kuanzia mkataba na thamani baki. Katika mfano wa dola 489, riba yote ni dola 4,406. Kwa miezi 36 ni 122.40, na ikigawanywa kwa 61,200 inatoa 0.00200. Jibu likiwa kubwa kuliko kiwango kilichoahidiwa, kalamu iwekwe chini.

Vitu vinavyoongezwa dakika za mwisho, kama dawa ya kulinda rangi au dhamana ya ziada, hukataliwa bila hasara. Gari la zamani la mteja lipatiwe bei yake peke yake, nje ya hesabu ya mkataba, la sivyo punguzo la upande mmoja hurudishwa kimyakimya upande wa pili. Sheria ya shirikisho haitoi siku tatu za kubadili nia kwa gari lililochukuliwa dukani, na kuvunja mkataba kabla ya muda huweza kugharimu maelfu ya dola.

Njia mbili za kando

Magari ambayo maduka huwaazima wateja wakati yao yakitengenezwa hukodiwa baadaye kama mapya, yakiwa na maili elfu chache na punguzo kubwa. Kinachoangaliwa ni kama punguzo limezidi kile kinachokatwa kwenye thamani baki kwa maili zilizotembewa.

Njia nyingine ni kurithi mkataba wa mtu anayetaka kujitoa, kupitia soko kama Swapalease. Anayejitoa mara nyingi huwa ameshalipa kianzio, na wakati mwingine huongeza fedha ili apate mrithi. Mrithi hukagua maili zilizobaki, hali ya gari, na kama kampuni inaruhusu uhamisho huo.

Mkataba unapokwisha

Miezi miwili au mitatu kabla ya mwisho, gari hukaguliwa. Mikwaruzo mikubwa, matairi yaliyolika na vioo vyenye ufa hutozwa kwa bei ya kampuni, kwa hiyo kuvirekebisha kwa fundi kabla ya siku ya kurudisha huwa nafuu. Ada ya kurudisha gari, inayozunguka dola 300 hadi 500, mara nyingi husamehewa kwa anayechukua gari jingine la kampuni hiyo.

Kabla ya kukabidhi funguo, thamani baki iliyoandikwa kwenye mkataba hulinganishwa na bei ya soko. Uhaba wa vipuri vya kielektroniki ulipopandisha bei za magari yaliyotumika mwaka 2021 na 2022, wakodi wengi walijikuta na haki ya kununua gari kwa maelfu ya dola chini ya bei yake sokoni. Kampuni kadhaa za fedha zilijibu kwa kuzuia maduka ya nje kununua magari hayo, lakini haki ya mkodi mwenyewe ilibaki pale mkataba ulipoitaja. Soko likiwa juu ya thamani baki, gari hununuliwa, kisha hutunzwa au huuzwa kwa faida baada ya kuhesabu kodi. Likiwa chini, gari hurudishwa, na hasara ya makadirio inabaki kwa kampuni iliyoyaweka.